Kila Mtu Anatazama Miguu

Mpendwa Bi Concepta,

Nimekusoma tangu nikiwa binti mdogo, mimi na mama tukigombania ukurasa wako wa gazeti jikoni kabla hata ya ule wa bei za ng'ombe, na sikuwahi kudhani kwamba na mimi ipo siku nitakuandikia, maana kwetu tulizoea kuwacheka wanaokuandikia, mama alikuwa akisema, "Huyu naye hana dada wa kumwambia?" na sasa ndiye mimi, sina dada, nina mama mmoja na kaka mmoja na farasi mmoja, na kati yao hakuna ninayeweza kumwambia hili, nakuomba unisaidie na nakuomba usitaje jina langu wala kijiji chetu, sema tu Wexford, hapa Ireland Wexford ni wilaya kubwa.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, kazi yangu tangu nimalize shule ni farasi, nawafundisha wa watu na nashindana na wa kwetu, na wa kwetu wa maana ni mmoja tu, anaitwa Monsinyori, mama ndiye aliyempa jina hilo la cheo cha mapadri kwa sababu siku aliyozaliwa alisimama kwa miguu yake mirefu akatutazama sote kama vile tumechelewa kupiga magoti. Mama alimzalisha mwenyewe kutoka kwa jike lake mwenyewe, akamvuta kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyempanda wa kwanza, hajapandwa na mtu mwingine. Sasa ana miaka kumi na saba, na katika mashindano yetu ya siku tatu huo ni umri wa kuwa malishoni unanenepa, si wa kupambana na vijana wa miaka tisa, lakini mwaka jana alifanya vizuri mpaka akafuzu kwenda Hallowdene, kule Uingereza, na kwetu mtu akishasema Hallowdene hana haja ya kuongeza neno.

Mama husema siku ya kwanza farasi anaonyesha adabu zake mbele ya waamuzi, siku ya pili anapiga shoti mashambani akiruka magogo na mitaro na kuta zisizotikisika na hapo anaonyesha roho, na siku ya tatu uwanjani anaonyesha kilichobaki. Maisha yake yote ameiona hiyo siku ya pili ya Hallowdene kwenye televisheni tu, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na ng'ombe wa kukamua au jike la kuzalishwa au baba wa kuuguzwa, na sasa baba hayupo, ng'ombe wameuzwa, na mama ana saratani, imeshafika kwenye ini, daktari wa hospitali ya Waterford ametuambia tusipange mambo ya baada ya kiangazi. Mama alilisikia hilo akiwa ameshika mkoba wake mapajani, akamwuliza, "Na mwezi wa tano je?" Daktari akasema mwezi wa tano Mungu akipenda, mama akasema, "Basi inatosha, Hallowdene ni mwezi wa tano," akasimama kama mtu aliyemaliza kununua nyanya.

Basi tangu Krismasi nyumba nzima inamwandaa Monsinyori. Farasi mzee humwandai kwa kumchosha, hilo kila mtu hapa analijua, pumzi anazo za miaka yote, unachofanya ni kumwamsha taratibu bila kumvunja, kwa hiyo Januari na Februari ilikuwa ni kutembea tu barabarani kwenye lami, mimi juu yake na mvua juu yangu, ili kano zikaze, kisha ufukweni kwenye maji ya magotini, kisha kilimani, shoti moja ya kupanda, halafu nashuka mgongoni naye tunateremka kwa mguu, mimi naongoza. Akirudi miguu inaingia kwenye ndoo za barafu, inakaushwa, inafungwa bendeji, asubuhi inafunguliwa.

Na miguu ndiyo kila kitu kwetu. "Farasi ni miguu, mengine yote ni mapambo," ndivyo mama alivyonilea, na kila asubuhi ya maisha yangu nimemwona akiinama na kupitisha viganja kutoka gotini mpaka kwatoni akitafuta joto, dalili ya kuumia, macho ameyafumba. Hata sasa ambapo hawezi kuinama, kaka yangu Malachy humsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka bandani, tukishamaliza kusikiliza matangazo ya vifo redioni, ambayo mama hayakosi, husema, "Huyu alikuwa na mkono mzuri wa hatamu," au, "Huyu aliniuzia jike kiwete, Mungu amrehemu lakini asifanye haraka," kisha Monsinyori analetwa, anasimama bila kuambiwa, mama anamshika miguu akiwa ameketi. Mikono yake imekonda, inatetemeka, lakini ikifika kwenye ule mguu inatulia. Halafu anatoa ile chupa ya maji ya baraka aliyoletewa kutoka Knock wanakohiji watu, ananyunyiza mguu mmoja mmoja, yote minne, anapiga ishara ya msalaba, imekwisha. Nikienda misa watu hawanijulii hali, hawaniulizi hata mama yukoje, wanauliza, "Miguu ikoje?" Nasema miguu mizuri. Na ni kweli, Bi Concepta, balaa ndiyo hiyo, miguu ni mizuri kuliko yangu.

Ilianza mwishoni mwa Februari, tulikuwa tunajizoeza kwenye viunzi vya kuruka vya jirani, na kuna gogo moja liko pale uwanja unapoishia na msitu unapoanza, unatoka kwenye mwanga unaingia kivulini, ameliruka miaka nenda miaka rudi, siku hiyo akaligonga kwa kifua, nikabaki nimekumbatia shingo yake, nikajilaumu kwamba nilimsukuma vibaya. Baadaye kidogo akajigonga nyonga ya kulia kwenye nguzo ya lango, nikamfokea, "Wewe mzee, umelewa?" Kisha akaanza kushtuka ukimjia upande huo na ndoo. Yote hayo niliyaona na sikuyaona, kwa sababu kila lilipotokea jambo nilishuka nikamshika miguu, miguu haina joto, basi nikapanda tena.

Ni baada ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, katikati ya Machi, nilikuwa nampunguza manyoya ya mashavuni, jua likaingia kwa chini kupitia mlango wa banda, likampiga usoni, nikaona ndani ya jicho la kulia kitu cheupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikapunga mkono upande wa kushoto, akapepesa. Nikapunga wa kulia, kimya. Nikausogeza mpaka nikagusa kope, ndipo akarusha kichwa juu. Nilifunga mlango nikakaa chini kwenye majani nikalia, naye akaja akaninusa nywele, akaendelea kutafuna.

Siku chache baadaye akaja Fintan, daktari wetu wa farasi, kumkagua kwa ajili ya safari. Akamkunja kila mguu, akataka nimkimbize mchakamchaka barabarani kwenda na kurudi, mama amejifunika blanketi kwenye kiti chake, Malachy amesimama nyuma. Fintan akasema, "Bi Nuala, hii ni miguu ya farasi wa miaka minane. Mmeiiba wapi?" Mama akamwambia, "Tumeiiba kwako, ulikuwa umelala," akacheka mpaka akakohoa. Kisha Fintan akanigeukia mimi huku anavaa koti, akauliza, "Kuna lingine?" Nikasema, "Hakuna." Akanywa chai, akala mkate wa magadi na nyama ya nguruwe, akaenda zake, na tangu siku hiyo kila ninachokula kinapita juu ya hilo neno.

Tangu hapo nimejifunza kuona kwa niaba yake. Tukikaribia kiunzi namgeuza kichwa kidogo kulia ili jicho la kushoto lipate kukiona, namkaza kwa miguu, nazungumza naye, na anakwenda, Bi Concepta, anakwenda kwa kasi ile ile kuelekea mahali asipopaona vizuri kwa sababu mimi nimesema pako salama, hajawahi kunikatalia maishani mwake. Mwanzoni mwa Aprili tulishindana Kilkenny, mashindano madogo, jua limewaka wingu hakuna, tukawa wa pili. Mama alikuwa ndani ya gari ameshusha kioo, machozi yanamtoka, akanishika mkono akasema, "Nusu nimeiona leo, nusu nyingine nitaiona Hallowdene." Kisha akanitazama, "Umekonda wewe. Unaogopa?" Nikasema hapana. "Ogopa kidogo, asiyeogopa ni mjinga. Ila usimwambukize farasi." Nilimbusu nikaenda nyuma ya lori nikatapika.

Kule Hallowdene kuna kiunzi kinaitwa Lango la Kanisa, wewe mwenyewe utakuwa umekiona kwenye televisheni, unateremka kilima kwa shoti kwenye jua, unaingia katikati ya miti miwili mizee yenye kivuli kizito, ukuta uko humo humo kivulini, na ng'ambo ya ukuta ardhi imeshuka. Ukaguzi wa kabla ya mashindano hauniogopeshi. Farasi wanakimbizwa mchakamchaka mbele ya jopo, na jopo linatazama miguu. Nitamsuka singa za shingoni, nitavaa koti langu jipya, tutapita, naamini hakuna atakayemtazama usoni. Na wako farasi wa jicho moja waliofika mbali, nimesikia, najiambia hilo kutwa nzima.

Nilijaribu kumpima Malachy, tulikuwa tunapakia majani makavu, nikamwuliza kama mzaha, "Hivi farasi wa umri huu macho yao huwa yanakuwaje?"

"Macho? Dada, yeye anaruka kwa macho au kwa miguu?"

"Nauliza tu."

"Uliza tukirudi. Nimetengeneza ngazi ya kumpandishia mama kwenye lori, godoro nimeweka, tiketi za meli zipo, na mama amenunua kofia. Kofia, dada! Mara ya mwisho kununua kofia mimi nilikuwa napokea komunio ya kwanza. Usije ukaniletea habari za macho."

Nikafikiria kumdanganya mama kwamba farasi amepata jeraha la mguu, ingekuwa heshima, farasi mzee akichechemea hakuna anayelaumiwa, watu wanaleta keki. Lakini mama hadanganyiki kwa mguu, atasema mleteni, atashika, atajua. Na nikimwambia kweli yenyewe, nitakuwa namwambia kwamba kila asubuhi alikuwa ameshika miguu na jicho linakufa juu ya kichwa chake, yeye ambaye watu walitoka Cork kuja kumwomba awatazamie farasi kabla hawajatoa pesa. Nitakuwa nimemnyang'anya Hallowdene na sifa hiyo nayo nimemnyang'anya, atakufa akijua kwamba alimkosea farasi wake wa mwisho. Mashindano yenyewe ya mashambani hayafiki hata robo saa. Nikiwa makini tunaweza kumaliza. Kuanguka nimeanguka mara nyingi, sijiogopei. Niambie, Bi Concepta, nimpe mama siku yake, au nimnyang'anye? Tafadhali usikawie, meli haitungoji.

Ni mimi,
Binti wa Mama Yake, Wexford

*

Bi Concepta anajibu:

Binti wa Mama Yako,

Pole. Naanza na hilo kwa sababu huko mbele sitapata nafasi. Pole kwa mama na ugonjwa wake, na pole kwa kubeba peke yako mzigo wa watu watatu. Mama yangu mimi alikufa polepole pia, na ninajua mtu anavyokuwa tayari kumwahidi mgonjwa chochote, almuradi atabasamu mara moja kabla ya chai. Sasa futa machozi, keti, tuzungumze.

Umeniuliza umpe mama siku yake au umnyang'anye. Hilo si swali lako, mwanangu, umelisuka singa na kulivalisha koti ili lipite kwangu. Swali lako ni hili: je, nina ruhusa ya kumpeleka mnyama asiyeona akapige shoti kuelekea ukutani, kwa kuwa naogopa kuzungumza na mama yangu? Ukiliuliza hivyo hunihitaji mimi, hata mbwa wa hapo nyumbani angekujibu.

Mimi si mtu wa farasi, niliolewa kwenye nyumba ya ng'ombe. Kwa hiyo nilimpigia simu daktari mmoja wa farasi aliye mbali na kwenu, bila kutaja mtu, nikamweleza. Akanieleza jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi, kwamba kiunzi cha uwanjani kikigongwa kinaanguka kiunzi, lakini ukuta usiotikisika ukigongwa kwa kasi ile anaanguka farasi, anapinduka miguu juu, na mpandaji yuko chini yake. Nusu tani nzima. Katika barua yako yote ndefu umejipa wewe mwenyewe maneno mafupi sana, "sijiogopei." Mimi nakuogopea. Na mama yako atakuwa pale kando ya kamba, kwenye kiti chake, na kofia yake mpya. Unasema unataka aone kitu kimoja kabla hajafa. Hebu fikiri vizuri ni kitu gani unachoweza kumwonyesha.

Na usiniletee hao farasi wa jicho moja. Nimemwuliza daktari. Anasema hao jicho lilishatoka, likapona, kila mtu anajua, wakafundishwa upya kwa muda mrefu mpaka wakazoea. Wa kwenu bado anaona kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachomdanganya, akiona kivuli anadhani ni shimo, akiona shimo anadhani ni kivuli. Kilkenny kulikuwa na jua. Mlipata nafasi ya pili kwa sababu ya hali ya hewa, basi, na wewe unajua, ndiyo maana ulitapika.

Nikuulize jambo. Jicho linamuuma? Umeniandikia mambo ya ndoo na bendeji na ufukwe na mkate wa magadi, hujaniandikia hata mahali pamoja kama jicho linamuuma. Daktari anasema yapo maradhi ya macho ya farasi yanayouma kama jino bovu, na yapo ambayo yakiwahiwa hutulizwa. Umemficha tangu sikukuu ya Mtakatifu Patrick! Miguu isiyouma inawekewa barafu kila siku, jicho halijapata hata tone la dawa. Hapo nilikasirika, nikaiweka barua yako chini nikatoka nje. Unasema hajawahi kukukatalia, unaliandika kama sifa yake. Kwangu mimi hilo peke yake lingetosha kukufanya umfungulie tandiko. Wahenga husema mficha maradhi, kilio humuumbua, na ninyi huko Wexford mna mnyama asiyeweza hata kulia.

Nakuja kwa mama. Unadhani unamkinga na aibu ya kukosea. Mwanamke aliyezalisha farasi maisha yake yote amekosea mara nyingi kuliko unavyojua, amezika watoto wa farasi, amenunua viwete, amesema "huyu hafai" na huyo akashinda. Aibu hiyo ameizoea. Ambayo hajaizoea ni ya kufanywa mjinga na binti aliyemfundisha yeye mwenyewe. Tena hakukosea peke yake. Ulikosea wewe uliyekuwa juu ya mgongo wa farasi kila siku, akakosea Fintan mwenye shahada yake, anakosea kaka yako mpaka leo hii, na wote wanaokuuliza habari za miguu pale kanisani. Mmekosea kijiji kizima, basi gawaneni.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa utaratibu huu. Ukimaliza kusoma hapa mpigie Fintan. Mwambie siku ile alipouliza kama kuna lingine, lilikuwepo. Atakuwa mkali, ana haki. Aje leo na taa yake, amtazame jicho, aseme kama linauma. Jina la Monsinyori liondolewe Hallowdene siku hiyo hiyo, kabla huruma haijakurudia. Malachy umwambie akiwa ameketi, atapiga meza, mwache apige, ile ngazi yake itafaa kwa mengine.

Mama utamwambia wewe, si Fintan wala kaka yako. Usimpeleke bandani ukangoja agundue mwenyewe, huo ni uoga mwingine. Keti chini, usawa wa macho yake, useme: Mama, Monsinyori haoni jicho la kulia, nimejua tangu mwezi wa tatu, nilikuficha, hatuendi. Kisha nyamaza. Usijitetee, usimpe habari za Lango la Kanisa, usimwambie mtatazama kwenye televisheni. Usimtafutie cha kufidia kwa sababu hakipo. Ametamani kitu kimoja maisha yake yote na hatakipata. Hilo ni baya, litabaki baya, na mimi sina sukari ya kulitilia.

Anaweza kukasirika. Anaweza kukununia, na siku zake za kununa ni chache. Inawezekana akafa hajakusamehe, sikudanganyi, nimeyaona hayo kwa macho yangu. Utalibeba. Ni zito, lakini wako watu humu nchini wanaolibeba na asubuhi wanaamka kulisha wanyama. Hilo jingine unalotaka kulijaribu huko Uingereza sijaona aliyeweza kulibeba.

Na la mwisho nalisema polepole, maana najua litauma. Nimesoma barua yako mara ya pili, nikaona kwamba tangu Krismasi kila mtu nyumbani kwenu amejipatia kazi. Mmoja anachomelea ngazi, mmoja analoweka miguu, mama mwenyewe ananunua kofia. Hakuna aliyeketi. Mama yako anakufa, mwanangu. Atakufa farasi akimbie asikimbie. Mkishaiondoa Hallowdene hapo mezani zitabaki wiki tupu ambazo hazina mazoezi, hazina safari, hazina cha kushinda, na nadhani hizo ndizo unazoziogopa kuliko ukuta wowote. Mpigie Fintan. Kisha ingia ndani, vuta kiti, ukae na mama yako.